Fumbo la leo la alama za muziki: SIFA na BEGA zimeingiaje?

#1 Dudumizi
Wakuu, heshima kwenu.

Nimelimaliza fumbo la maneno la leo ila roho haijatulia. Dokezo lilikuwa "Soma kwa sauti". Gridi ndiyo hii. Ambaye hajacheza na hataki kuharibiwa uhondo aishie hapa:

U U O A R I
F G M T S A
U N I S I F
L A Z A Z I
A M A M U K
P K O M O I
U I K I B A
M Z I P E G

Kanuni ni zilezile: unaunganisha herufi zinazogusana, ziwe wima, mlalo au mshazari. Kila herufi ina kazi moja tu na hakuna inayobaki. Neno kuu lazima liguse pande mbili zinazotazamana.

Nilipata UFUNGUO, MISTARI, PUMZIKO na KIPIMO. Neno kuu ni ALAMA ZA MUZIKI, linaanzia ile A ya kushoto safu ya tano, linapanda na kushuka kama nyoka mpaka I ya kulia safu ya sita. Hadi hapo sina neno. Zikabaki herufi nane, nne juu kulia na nne kwenye kona ya chini kulia. Programu ikakubali SIFA na BEGA, ikanipigia na makofi juu.

Sifa na bega ni alama za muziki tangu lini?

#2 Bi Kinanda
Dudumizi, umeimba kwaya wewe? SI na FA. Hizo ni nota mbili kati ya do re mi fa sol la si, umeziunganisha. Fumbo zuri sana la leo.

#3 Mla Herufi
Mimi nilianza na FISI, safu ya tatu kutoka kulia kwenda kushoto, imelala pale wazi kabisa. Ikahesabiwa neno la pembeni, yaani neno halisi lakini si la mada. Nikapata TARI juu kulia, nikajua mada ni ngoma. Nikapata MAMA safu ya tano, ile A ya mwisho iko juu kidogo. Maneno matatu ya pembeni, nikapewa msaada mmoja, msaada ukanionyesha herufi za UFUNGUO. Nikatafuta mambo ya milango kwa dakika kumi.

#4 Dudumizi
#2 sawa, SIFA nimekuelewa. BEGA je?

#5 Bi Kinanda
B, E, G, A. Majina ya nota kwa herufi. Nota ni A mpaka G, kwa hiyo neno lolote lenye herufi hizo saba tu linaweza kupigwa kwenye kinanda. BABA linapigika. DADA linapigika. DEBE pia.

#6 Sauti ya Tatu
Bi Kinanda shikamoo, ila hapa nakupinga. Maelezo yako yanatumia mifumo miwili kwenye fumbo moja. SIFA unaisoma kwa do re mi, BEGA unaisoma kwa A B C. Mtunzi makini hafanyi hivyo bila kutoa ishara.

Halafu sisi tunaoimba kwa solfa, yaani do re mi zilizoandikwa kwa herufi, hatuna SI. Tuna TI. Karatasi zetu zimeandikwa d r m f s l t. Mwalimu Mwingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeibadilisha SI kuwa TI ili kila nota ianze na herufi yake, maana S ilikwishachukuliwa na SOL. John Curwen akaja kuusambaza mfumo huo kuanzia miaka ya 1840. Kwa hiyo mwanakwaya akiiona ile miraba minne hawezi kufikiria si-fa. Ataona TIFA, na T yenyewe iko jirani ila ni ya MISTARI.

#7 Mzee wa Vina
Marahaba kwa niaba yake, maana hajajibu 😄

Kuhusu do re mi, ni mtawa Guido wa Arezzo, Italia, aliyezibuni zote saba karne ya 16. SI imekuwepo tangu mwanzo, TI ndiyo mgeni.

#8 Kamusi Tupu
Mzee wa Vina, kwa heshima zote, umekosea mara tatu kwenye sentensi mbili. Guido ni wa karne ya 11, aliandika kuhusu jambo hili mnamo 1030 hivi. Hakuwa na saba, alikuwa na sita. Na ya kwanza haikuwa DO, ilikuwa UT.

Alichukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao kila kipande kinaanza nota moja juu zaidi ya kilichotangulia. Silabi za mwanzo za vipande hivyo ndizo ut, re, mi, fa, sol, la. SI iliongezwa baadaye sana, kutokana na herufi za mwanzo za jina la huyo mtakatifu kwa Kilatini, Sancte Ioannes. UT ikageuzwa DO Italia karne ya 17, maana UT ni ngumu kuimba, mdomo unafunga kabla sauti haijatoka. Jaribu kuiimba ndefu uone.

#9 Mzee wa Vina
Nimejaribu. Mjukuu ameuliza kama nimepaliwa. Asante kwa masahihisho.

#10 Nukta Mbili
Wakuu mbona hakuna anayesema kuhusu SAFI? Mimi nilianza na SAFI. Herufi zilezile nne, S-A-F-I, zote zinagusana kwa sababu ni mraba. Programu ikaniambia ni neno la pembeni. Nikageuza njia, S-I-F-A, ikapokea. Maana yake kuna sababu ya SIFA kuwa jibu na SAFI kutokuwa.

#11 Mla Herufi
Na FASI je? F-A-S-I. Fasi ni mahali, neno la washairi. Nimeijaribu sasa hivi kwenye simu ya dada yangu ambaye hajacheza: imekataliwa, neno la pembeni. Kama hoja ni si na fa, basi FASI ni fa na si. Bi Kinanda tusaidie.

#12 Bi Kinanda
Sauti ya Tatu, marahaba mwanangu.

Mla Herufi, umegusa jambo tamu bila kujua. Kutoka SI kupanda hadi FA ni nusu hatua sita (nusu hatua ni kutoka kibonyezo kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, vyeusi vikihesabiwa). Kutoka FA kupanda hadi SI ni nusu hatua sita vilevile. Oktavu, yaani do hadi do inayofuata, ina nusu kumi na mbili, kwa hiyo huo ndio umbali pekee ambao ukiupindua unabaki na ukubwa uleule. Do hadi sol ni saba, ukiipindua ni tano. Mi hadi do ni nane, ukiipindua ni nne. SIFA na FASI peke yake ni sita kwa sita.

Zipige pamoja usikie. Hazitulii. SI inataka kupanda iende DO, FA inataka kushuka iende MI. Sikio linasubiri hadi zifunguke. Ndiyo maana nasema mtunzi alijua anachofanya.

#13 Hesabu Nyepesi
Mnapenda kuhangaika. Hesabuni.

Gridi ni safu nane kwa herufi sita, jumla 48. ALAMAZAMUZIKI ni 13. UFUNGUO 7, MISTARI 7, PUMZIKO 7, KIPIMO 6. Jumla 40. Zimebaki 8. Mtunzi alipanga maneno yake matano, akabakiwa na matundu mawili ya herufi nne nne, akaziba na maneno yoyote yaliyomjia. Hakuna si, hakuna fa. Ni plasta.

#14 Dudumizi
#13 nikuulize, kama anaziba tu, si angeziba na NOTA? Herufi nne, na ni ya mada kabisa. Ni fumbo la muziki lisilo na neno NOTA! Hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko hata bega.

#15 Hesabu Nyepesi
Labda NOTA ilitumika kwenye fumbo lingine karibuni. Au aliogopa watu wataandika NOTI, ziwe za benki.

#16 Mwanafunzi Milele
Mimi naona mnaruka maana ya kawaida kabisa ya neno. SIFA za sauti. Sauti ina kimo, ina urefu wa muda, ina nguvu, ina rangi yake. Alama za muziki zimebuniwa kuandika sifa hizo. Nota ikikaa juu au chini kwenye mistari, hiyo ni kimo. Ikiwa tupu au imejazwa wino, ina mkia au haina, huo ni muda. Zile p na f za Kiitaliano chini ya mistari, hiyo ni nguvu. Rangi ndiyo pekee isiyoandikika vizuri, unaandika jina la ala basi.

Kwa hiyo SIFA ni jibu halali la mada, halihitaji kukatwa vipande.

#17 Sauti ya Tatu
#16 hii naipokea kwa mikono miwili. Sasa tupe bega la sauti.

#18 Mwanafunzi Milele
Bega silijui. Nilikuwa natarajia hutauliza.

#19 Fundi Gitaa
Nota ina kichwa. Nota ina mkia. Mtunzi kaona mwili, kaweka bega. Kesho kiuno.

#20 Bi Kinanda
😂😂 Fundi, toka.

Ila hata kwa upande wako: piga E, G, B kwa pamoja uone ni kordi gani. E maina. Ongeza A juu yake, ni kordi ileile yenye nota moja inayoning'inia. BEGA nzima inapigika kwa pamoja na inapendeza. Hiyo nayo ni bahati?

#21 Fundi Gitaa
Dada, karibu kila kitu ukikipiga taratibu kwenye kinanda kinapendeza. Ila kwenye gitaa umenipata: nyuzi zikiwa wazi ni E A D G B E. Ukizuia D tu na kupiga zilizobaki unapata E, A, G, B. BEGA kamili bila kubonyeza kitu. Nimelijaribu sasa hivi. Nimenyamaza.

#22 Kamusi Tupu
Mmenikumbusha. Wajerumani ni watajiri kuliko sisi kwa hili, wana nota ya nane kwa jina. Nota tunayoiita B wao huiita H, na B kwao ni B flati. Asili yake ni kwamba zamani B iliandikwa kwa sura mbili: ya duara kwa sauti iliyoshushwa, ya pembe kwa ile isiyoshushwa. Ya duara ndiyo imekuwa alama ya flati mpaka leo, itazame vizuri utaiona b ndogo imesinyaa. Ya pembe ilifanana na h.

Ndiyo maana mtunzi Bach aliweza kuliandika jina lake lote kwa nota, B-A-C-H, na aliliweka kwenye fuga (utunzi wa sauti zinazofuatana kwa kuigana) aliyoiacha haijaisha.

Sasa kwa Kiswahili: herufi A mpaka G pekee zinatubana, C peke yake hatuitumii. Ukiongeza H, CH inazaliwa na DH pia. ACHA inapigika. CHACHE inapigika. FEDHA inapigika, nota tano.

#23 Mla Herufi
Kwa hiyo fedha iko kwa Mjerumani tu. Tulijua.

#24 Nukta Mbili
Na za solfa je? REFA ni re-fa. MILA. LAMI. DOLA. LALA. SISI na MIMI zote zimo.

#25 Mla Herufi
MISIFA. Mi-si-fa. Nota tatu, na tunawajua wanaoziimba humu ndani.

#26 Bi Kinanda
Nimekuona. Nimenyamaza kwa sababu ya umri wangu tu.

#27 Kijana wa Besi
Nirudi kwenye PUMZIKO, maana mmelipita haraka na ndilo lililonichelewesha. Nilipata PUMZI kwanza, P-U-M-Z-I, inashuka ukingoni kushoto halafu inakunja. Nikaona ndiyo yenyewe, kwenye karatasi za kuimbia kuna kile kialama kama mkato juu ya mstari, pale pa kuvuta pumzi. Ikakataliwa. Nikahama kona kabisa. Nilirudi baada ya nusu saa nikaona K na O zimesimama peke yao juu yake.

Pumziko na mimi tuna historia. Tamasha moja, besi tulikuwa na vipimo viwili vya kunyamaza, mapigo manane, halafu tunaingia wote kwa nguvu. Mimi nikahesabu mapigo manne. Nikaingia. Ukumbi mzima kimya, mwongozaji mkono uko juu, na mimi peke yangu "BWA—". Sikumalizia neno. Wenzangu mpaka leo hawaniiti kwa jina langu, wananiita Bwa.

#28 Sauti ya Tatu
Bwa karibu sana kwenye uzi.

Ndiyo maana solfa naipenda, kimya unakiona. Nafasi tupu kati ya nukta pacha, basi, pigo hilo huimbi. Kwenye mistari kila kimya kina umbo lake. Kimya cha nota nzima ni kijiti kinene kinachoning'inia chini ya mstari, cha nusu ni kijiti hichohicho kimekaa juu ya mstari. Nani alifikiri hilo litasomeka kwenye mwanga hafifu?

#29 Mwalimu wa Jioni
Sauti ya Tatu, kikumbuke hivi: kizito kinaning'inia, chepesi kinakaa. Nota nzima ni nzito.

Na swali langu kwa wote, KIPIMO mmelielewaje? Kwangu kipimo ni nafasi kati ya mstari wima mmoja na mwingine. Mwenzangu tunayecheza naye anasema kipimo ni ile 4/4 ya mwanzoni, inayotaja hesabu ya mapigo.

#30 Kijana wa Besi
Ni nafasi. Nimetoka kusema "vipimo viwili".

#31 Fundi Gitaa
Ni ile 4/4. Ndiyo inayopima. Na wakati mwingine wanaandika C badala yake, kifupi cha neno la Kiingereza la "kawaida".

#32 Kamusi Tupu
Si kifupi cha neno lolote, Fundi. Ile si herufi C, ni duara lililokatika. Zamani duara kamili lilikuwa alama ya mgawanyo wa tatu, tatu ikihesabiwa kamilifu. Mgawanyo wa mbili ulionekana pungufu, wakaandika duara pungufu. Kuifanana na C ni ajali tu.

Kama ule ufunguo wa SOL wenye mkia, watu wanauona ni ua. Ni herufi G iliyorembwa na waandishi hadi ikapoteza sura. Neno "ufunguo" lenyewe tumelirithi kwa maana, Kilatini ni clavis, ufunguo: unakuambia mstari upi ni nota ipi, zilizobaki unahesabu. Guido alikuwa akipaka hata rangi, mstari wa FA mwekundu, wa DO wa njano.

#33 Fundi Gitaa
Siku nyingine uanze na "labda" ili na sisi tujisikie.

#34 Mzee wa Vina
Kamusi, hapo kwenye MISTARI sasa. Mmoja wa vijana aliniambia lazima iwe mitano. Ni kweli?

#35 Kamusi Tupu
Kwa muziki wa sasa ndiyo, mitano. Nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kanisa Katoliki, hadi leo huandikwa kwa minne.

#36 Hesabu Nyepesi
Bado nasubiri mtu anijibu kuhusu plasta. Mmeongea Wajerumani, watawa, fedha. Hakuna aliyeeleza kwa nini maneno yote ya mada ni ya herufi sita au saba isipokuwa hayo mawili ya nne, na yote mawili yako pembezoni kulia, na yote mawili ni miraba mitupu. Mtunzi aliyeyapanga kwa makusudi angeyapinda kidogo.

#37 Nukta Mbili
#36 kama ni plasta, kwa nini aache mraba unaotoa SIFA, SAFI na FASI? Anayeziba huchagua neno lisiloleta ugomvi. BEGA halina ugomvi, huo mraba hautoi neno lingine. Huu wa juu ameuchagua.

#38 Hesabu Nyepesi
Au hakuona.

#39 Bi Kinanda
Aliona.

#40 Dudumizi
Nimewasoma wote, asanteni. Msimamo wangu: SIFA nampa Mwanafunzi Milele (#16), BEGA nampa Bi Kinanda (#5), na hasira zangu kuhusu NOTA zinabaki palepale. Najua ni mifumo miwili, Sauti ya Tatu usianze.

#41 Sauti ya Tatu
Nimeanza. Ukishakubali sifa za sauti kwa moja na herufi za nota kwa nyingine, hata fumbo la matunda linaweza kuwa na neno GARI.

#42 Mwanafunzi Milele
Dokezo lilikuwa "Soma kwa sauti". Labda ndiyo ishara unayoidai? Ukilisoma SIFA kwa sauti ya nota unaimba. Ukilisoma BEGA kwa sauti ya nota unaimba. Hayo mengine, UFUNGUO, KIPIMO, huwezi kuyaimba kwa herufi zake. Yaani najipinga mwenyewe #16, ila nimewaza tu.

#43 Sauti ya Tatu
...Acha nikalale nalo.

#44 Bi Kinanda
ACHA. A, C, H, A. Kijerumani.

#45 Mpita Njia
Habarini. Sijasoma kurasa za nyuma. Nimeandika FISI safu ya tatu, imekataliwa. Ni kosa la programu?

#46 Mla Herufi
Karibu ndugu. Panda mpaka #3, nilikuachia nafasi.